Juu ya Chuma cha Sita

Rumonge, 3 Februari 1998

Kwa Mama Bora Cibalonza, Nyanza-Lac

Amahoro Mama Bora,

Kosa la wengi wanaonunua gitaa la umeme ni kulichomeka kwenye ampli siku ile ile linapoingia nyumbani. Wanataka majirani wasikie. Lakini umeme hufunika mengi, kama sukari nyingi inavyofunika chai iliyochacha, na mtu anaweza kukaa na gitaa mwaka mzima bila kulijua.

Kwa hiyo hili ulilonunua kwangu, wiki ya kwanza lipige kavu, bila waya wala betri. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono. Piga uzi mmoja, ungoje mpaka ufe wenyewe, ndipo upige wa pili. Weka sikio juu ya mbao. Kiwiliwili chake ni mvule. Zamani ulikuwa mlango wa ghala la mawese hapa Rumonge, na umekaa miaka arobaini ukifunguliwa na kufungwa, hautapinda tena. Zile mikro mbili zilizo chini ya nyuzi ni sumaku nilizozizungushia mwenyewe waya mwembamba wa shaba, mizunguko elfu sita kila moja. Mke wangu Zuwena alikuwa akinihesabia huku anachambua mchele.

Ndani ya mfuko utakuta nyuzi sita za akiba. Zitunze. Tangu nchi jirani zituwekee vikwazo, nyuzi zinatoka Kigoma kwa bahati tu.

Jambo moja zaidi. Vile vyuma vyembamba vilivyolala shingoni vihesabu kuanzia kichwani. Kwa miezi miwili usipite chuma cha sita. Mkono uzoee kwanza vyumba vya chini kabla ya kupanda ghorofani. Nimefundisha shule miaka thelathini na moja. Niamini katika hilo.

Dereva Hamissi anapita kwenu kila barabara inapofunguliwa. Mpe majibu yeye.

Wako,
Rachidi Maneno, fundi


Nyanza-Lac, 15 Februari 1998

Mwalimu Rachidi, amahoro,

Nimefanya kama ulivyosema. Wiki nzima nimelipiga kavu. Jirani yangu Asiya aliingia akanikuta nimeegemeza sikio kwenye mbao. Akaniuliza, "Bora, unalisikiliza, ao linakupa habari za vita?" Nikamwambia, "Linasema unywe chai yako uende nyumbani." Alicheka, akakaa, akanywa vikombe viwili.

Mwalimu, sikujua kwamba gitaa lina tabia. Uzi wa tatu unakawia kufa kuliko wote. Nikipiga ule mnene, naisikia mbao ikitetemeka mpaka kwenye mbavu zangu. Siku ya nane nililichomeka kwenye ampli ya kanisa, na betri ya gari. Nililia kidogo, nikajifanya ni moshi.

Sasa nikueleze kwa nini nina haraka. Mpiga gitaa wetu, Éphraïm, alivuka kwenda Tanzania mwaka juzi pamoja na gitaa lake. Tangu hapo kwaya inaimba na ngoma tu. Niliposema nimenunua langu, wazee wa kanisa waliketi kikao. Mzee Lukeba akasema, "Mwanamuke na gitaa ya umeme? Hiyo si kwaya tena, hiyo iko kabare. Tulete na pombe basi." Mchungaji akakata shauri: nitapiga siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili. Likibeba kwaya vizuri, nafasi ni yangu. Lisipobeba, nitakaa chini, na mpiga gitaa atakuwa Darius, mpwa wake mchungaji, ambaye amepata kujifunza Bujumbura.

Wewe unaona ni jambo dogo. Mimi nilipokuwa msichana kule Uvira, kaka yangu alikuwa na gitaa, na nilikuwa naruhusiwa kulipangusa vumbi tu. Sasa nina miaka arobaini na tatu, nauza samaki, na kwa mara ya kwanza napiga langu.

Shida moja: nyuzi zimeota kutu. Siku kumi na mbili tu! Nimeweka zile za akiba. Ni mkono wangu?

Murakoze cane, asante sana.

Bora Cibalonza


Rumonge, 22 Februari 1998

Mama Bora,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, maana Zuwena alitaka kusikia ile ya Asiya.

Kuhusu kutu, usijilaumu haraka. Jasho la mikono hutofautiana. Kuna mtu akishika msumari asubuhi, jioni ni mwekundu. Pengine ni unyevu. Unaishi karibu na maji, na mvua za mwezi huu hazina adabu. Ukimaliza kupiga, pangusa kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini yake, kisha ulifunge kwenye kitambaa cha pamba, kamwe si plastiki. Plastiki hufungia unyevu ndani.

Nitumie uzi mmoja ulioota kutu. Siwezi kutibu mgonjwa nisiyemwona.

Mwambie Mzee Lukeba kwamba gitaa halijui liko kanisani au kwenye kabare. Ni anayelishika ndiye anayejua. Au usimwambie. Wazee hatupendi kuelezwa mambo, tunapenda kueleza.

Na kumbuka: chuma cha sita.

Rachidi Maneno


Nyanza-Lac, 8 Machi 1998

Mwalimu,

Barabara ilifungwa siku tisa, ndiyo maana nimechelewa. Tulikuwa tunalala misheni, sisi na watu wa mtaa wote. Tumerudi nyumbani juzi. Mlango wangu umevunjwa na redio imechukuliwa, lakini gitaa lipo. Usiulize zaidi. Tuko wazima.

Uzi uko ndani ya bahasha. Na hizi nyingine nazo zimeanza kuwa nyekundu. Napangusa kila siku, juu na chini yake. Naliweka mahali pakavu kabisa.

Sasa nikuungamie kosa. Nilipita chuma cha sita. Wimbo wa Pasaka unapanda katika ubeti wa tatu, na Schékinah, msichana wetu anayeongoza sauti, anapanda nao kama ndege. Gitaa likibaki chini linamwacha peke yake. Kwa hiyo nikapanda mpaka cha tisa. Mwalimu, lilikuwa baya. Si baya sana, lakini kama mtu anayetembea na kiatu kimoja. Schékinah akanyamaza katikati, akanitazama.

Darius alikuwepo. Akalichukua gitaa, akapiga nyimbo tatu nzuri, zote hapo chini karibu na kichwa, akanirudishia. "Mama, gitaa halina shida. Ni sikio. Sikio la mutu muzima haliwezi kujifunza tena." Alisema kwa heshima, na ndiyo iliyouma zaidi.

Niambie ukweli. Sikio linaweza kuwa bovu bila mwenyewe kujua?

Bora


Rumonge, 14 Machi 1998

Mama Bora,

Namshukuru Mungu mko wazima. Redio ni kitu tu.

Uzi umefika. Nimeutazama kwa lenzi, nimeukuna kwa kisu, mwisho nimeulamba. Zuwena alidhani nimeanza kuzeeka vibaya. Lakini ualimu ulinifundisha kutumia milango yote ya fahamu, na ulimi ulijibu kile ambacho jicho halikuweza: una chumvi.

Fikiri pamoja nami. Ziwa letu ni maji baridi. Mtu anaweza kuoga ziwani na gitaa lake mgongoni, litaharibika, lakini halitaonja chumvi. Jasho lina chumvi, ila kidogo, na hukaa pale vidole vinapogusa. Uzi wako umeota kutu mpaka kule kwenye kichwa, mahali pasipofikiwa na kidole. Hiyo ni chumvi iliyolizunguka gitaa zima, usiku na mchana.

Mama Bora, unaliweka wapi?

Sikuulizi ili nikulaumu.

Kuhusu mambo ya juu ya chuma cha sita, acha kwanza. Tutayaongea baadaye. Wimbo ule upige chini.

Rachidi Maneno


Nyanza-Lac, 25 Machi 1998

Mwalimu wangu,

Umenishika. Ninaliweka ndani ya gunia la makayabo.

Ndiyo, samaki wa chumvi ninaowauza. Gunia la chini kabisa, lile la wale waliokaa muda mrefu mpaka harufu yao inafungua mlango yenyewe. Wenye bunduki wakija wanachukua redio, baiskeli, magodoro, na kila kitu kinachotoa sauti. Lakini ndani ya gunia lile hakuna aliyewahi kuingiza mkono. Hata siku ile walipovunja mlango, mmoja alilipiga teke, akatukana, akatoka nje kutema mate. Asiya ndiye aliyemwona, alikuwa amejificha kwenye migomba. Kwa hiyo niambie, Mwalimu: nyuzi au gitaa?

Niliona aibu kukuambia. Umelitengeneza kwa mikono yako, elfu sita mara mbili, na mimi nalilaza na samaki waliooza. Uliponiuliza kwa upole vile, nililala vibaya.

Nimelitoa. Sasa nimelifunga kwa kitenge, kisha ndani ya pipa la bati lenye kifuniko, na hilo pipa ndilo linaloingia kwenye gunia, na samaki juu. Nadhani chumvi haitapita.

Lakini haijalishi tena. Wiki mbili nimejaribu wimbo wa Pasaka. Chini ni vizuri. Juu ni kiatu kimoja. Nimefunga mlango nikajaribu peke yangu, nikajaribu nimefumba macho, nikaomba. Nasikia kwamba ni kosa, Mwalimu, lakini vidole vyangu haviwezi kulisahihisha. Hivyo Darius ana haki. Jumapili nitamwambia mchungaji kwamba Pasaka apige yeye, gitaa langu nitamwazima. Baada ya sikukuu nitakurudishia ulitafutie mtu mwenye sikio.

Usihuzunike. Umenifundisha kwa uvumilivu, na hukunificha kitu hata kimoja. Mimi ndiye niliyeficha.

Bora Cibalonza


Rumonge, 2 Aprili 1998

Mama Bora,

Barua yako imefika jana jioni. Leo Hamissi anaondoka saa nne, kwa hiyo nitaeleza kwa ufupi, jambo ambalo nyumbani kwangu hakuna anayeamini naliweza.

Sikio lako ni zima. Gitaa ndilo lenye kosa, na mimi nilijua.

Vyuma vya shingoni hupimwa hivi. Unachukua urefu wa uzi, unaugawa kwa kumi na nane. Sehemu moja ni nafasi ya chuma cha kwanza. Kinachobaki unakigawa tena kwa kumi na nane, unapata cha pili, na kuendelea. Kila chuma hupimwa kutoka kile kilichotangulia. Ukikosea kimoja, vyote vinavyofuata hurithi kosa lile lile.

Novemba, nilikuwa nimefika chuma cha sita milio ya bunduki ilipoanza upande wa milimani. Nililaza kijiti cha kiberiti kwenye shingo kuwa alama ya mahali nilipoishia, nikafunga karakana, tukaondoka. Niliporudi siku ya tatu kijiti kilikuwa bado pale. Nilifurahi kukikuta. Katika furaha hiyo nikaanza kupima kutoka upande wake wa mbele badala ya wa nyuma. Tangu chuma cha saba hadi cha mwisho, vyote vimesogea kuelekea kiwiliwili kwa unene wa kijiti kimoja. Sauti zinapanda kidogo kuliko inavyotakiwa. Kiatu kimoja, kama ulivyosema. Sijawahi kusikia mtu akilieleza vizuri zaidi.

Niligundua siku nilipoweka nyuzi. Mvule sikuwa na mwingine. Nikajiambia, wapiga gitaa wa kwaya hawapandi juu, hakuna atakayesikia. Watu wanne walilijaribu hapa karakana na hawakusikia. Kisha ukaja wewe, ukalishika kama mtu anayepokea mtoto mchanga, nikashindwa kusema. Badala yake nikakuamuru usipite chuma cha sita, na amri hiyo nikaiita ualimu. Uliponiuliza kama sikio linaweza kuwa bovu, nilikuwa na jibu mkononi, nikakuandikia habari za kutu.

Wewe uliona aibu kwa sababu ya samaki. Sasa linganisha.

Dawa ipo, si kamili lakini ya kutosha. Daraja, kile kipande cha mti kinachoinua nyuzi karibu na mkono wako wa kulia, sikukigundisha. Kinashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu. Legeza nyuzi bila kuzitoa. Laza vijiti viwili vya kiberiti, ubavu kwa ubavu, nyuma ya daraja, uweke alama kwa penseli. Toa vijiti, usogeze daraja mpaka kwenye alama, mbali na shingo. Kaza nyuzi upya.

Utauliza kwa nini viwili wakati kosa ni kimoja. Kwa sababu chuma cha kumi na mbili kazi yake ni kuukata uzi katikati. Kimesogea kijiti kimoja. Basi uzi mzima lazima urefuke vijiti viwili ili katikati irudi chini yake. Kosa halitaondoka. Litagawanywa: chini sauti zitashuka unywele mmoja, juu zitapanda unywele mmoja, na hakuna atakayechechemea.

Ukitaka kulirudisha baada ya hapo, nitalipokea na kukurudishia ulichotoa. Ukitaka shingo mpya, nitaichonga. Lakini Pasaka usimwachie mtu nafasi yako kwa ajili ya kosa langu.

Rachidi Maneno


Nyanza-Lac, 5 Aprili 1998

Mwalimu,

Vijiti viwili. Nimefanya.

Nilikuwa nimeshamwambia mchungaji. Leo baada ya ibada nimerudi kumwambia hapana, nitapiga mimi. Amenitazama kana kwamba mimi nimesahau dawa zangu.

Sijakusamehe bado. Sikukuu yenu ya Idi iko wiki hii, msalimie Zuwena.

Bora


Nyanza-Lac, 13 Aprili 1998

Mwalimu Rachidi,

Leo ni Jumatatu, mikono yangu inauma, na nimekusamehe. Kaa chini nikueleze.

Kanisa lilijaa mpaka nje, hata watu waliokimbia vita walioko kambini walikuja. Betri alituazima Hamissi, akaitoa kwenye gari mbele ya abiria wake waliokuwa wanamtukana. "Muombe Mungu pamoja nao," akawaambia, "bila hiyo betri hatuendi popote." Basi abiria nao wakaingia kanisani.

Beti mbili nilibaki chini. Wa tatu, Schékinah akapanda, nami nikapanda naye. Cha saba, cha tisa, cha kumi na mbili. Mwalimu, lilikaa! Nilisikia uzi na sauti ya yule mtoto vimekuwa kitu kimoja, sikujua ni upi wangu. Aligeuka akanitazama, safari hii bila kunyamaza. Tukarudia ubeti ule mara nne, kwa sababu hakuna aliyetaka kushuka.

Ibada ikaisha. Nikawa nakunja waya. Mzee Lukeba akaja na fimbo yake.

"Hiyo betri," akasema, "itafika Jumapili ijayo?"

"Itafika, Mzee."

"Basi mupunguze sauti kidogo. Mimi si kiziwi."

Akaenda zake. Mchungaji alikuwa nyuma yake anacheka peke yake. Ndivyo nilivyojua kwamba nafasi ni yangu.

Darius naye alikuja. "Mama, kumbe sikio limepona?" Nikamjibu, "Limepona, baba. Ni mazoezi na maombi." Sikumwambia habari ya kijiti, wala yeye wala mtu mwingine. Jina lako liko salama kwangu. Fundi mzuri kama wewe asisemwe na watu kwa kosa moja la siku za vita.

Shingo mpya usihangaike nayo sasa. Hii nimeshaijua, na unywele mmoja hauniumizi. Gitaa linalala kwenye pipa lake, na kutu ya nyuzi haijaongezeka tangu hapo.

Wako,
Bora Cibalonza


Rumonge, 19 Aprili 1998

Mama Bora,

Barua yako imesomwa hapa mara tatu, na Zuwena sasa anaigiza Mzee Lukeba kila ninapowasha redio. Sikumbuki lini nyumba hii ilicheka hivyo. Nilifika mpaka karakana nikakaa tu, bila kushika kazi, nimeridhika kama mtu aliyeshiba.

Murakoze kwa msamaha. Lakini ile zawadi nyingine, ya kunificha, siwezi kuipokea.

Nieleze sababu, na hii ndiyo itakuwa ya mwisho kueleza kwa leo. Darius hakukudanganya. Alipiga chini, gitaa likamwitikia vizuri, akahitimisha kwamba kosa ni lako; kwa yale aliyoyasikia, hitimisho lake halikuwa la kijinga. Mimi ndiye niliyemfanya aseme uongo bila kujua. Sasa anaamini kwamba sikio lako lilikuwa bovu kisha likapona. Mwaka kesho msichana mwingine wa kwaya atashika gitaa, litakwama mahali, na Darius atamwambia kwa heshima ile ile kwamba sikio lake ni bovu. Huyo hatakuwa na fundi wa kumwandikia.

Na mimi pia nahitaji lijulikane. Miezi miwili nilijificha nyuma ya miaka yangu thelathini na moja ya shule, na wewe ukakaribia kuondoka kwenye kiti chako. Watu wakijua kwamba Rachidi wa Rumonge huweza kukosea kijiti kimoja, watapima magitaa yangu kabla ya kuyachukua. Hiyo itanifaa kuliko sifa. Tayari nimeiandika kanuni ya kumi na nane kwenye ubao wa karakana, ili anayekuja kununua apime mwenyewe mbele yangu. Jana mteja mmoja alipima saa nzima. Nilifurahi mno, ingawa hakununua.

Siku utakayoipata barua hii mwite Darius, umsomee barua yangu ya tarehe 2 Aprili, yote.

Rachidi Maneno